Nusu ya Kichupa

Subilaga Kajange alijifungua mtoto wa kike saa tatu na robo asubuhi, na ilipofika saa nne alikuwa anakufa.

Neno hilo hakuna aliyelitamka. Katika kituo cha tiba ya mishipa cha Lubalisi, kwenye vilima vya Rungwe ambako mvua hainyeshi bali inaishi, hakuna mzazi aliyekuwa amefariki kwa kutokwa damu kwa miaka sita, na watu walikuwa wamesahau hata namna ya kuogopa. Wauguzi walikuwa wametulia. Waliyabadilisha mashuka yaliyolowa, wakayapima kwenye mizani kujua ni damu kiasi gani iliyotoka, wakamsubiri daktari abonyeze kitufe kama anavyobonyeza siku zote.

Daktari Tumpe Mwasomola hakubonyeza.

Alisimama mbele ya kioo cha mtambo, kidole gumba kikiwa hewani. Kioo kiliandika: KICHUPA NAMBA 7714. MWENYE KICHUPA: SUBILAGA KAJANGE. PUNJE 400. FUNGA?

"Daktari," alimwita Ambakisye, muuguzi mkuu, mtu mzima wa miaka hamsini na minane asiyependa kurudia neno. "Lita moja na nusu imeshatoka. Bonyeza."

"Subiri kidogo."

"Tusubiri nini? Kondo limetoka lote. Sindano za kukaza kizazi tumemaliza, na kizazi bado kimelegea. Bonyeza, mama, dakika moja na nusu tu, kisha twende tukanywe chai."

Tumpe aligeuza kioo kumwelekea. "Kaka Ambakisye, isome hiyo namba."

Ambakisye aliisoma. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaisoma tena. Hamu yote ya chai ilimtoka usoni.

"Ile nusu," alisema.

"Ile nusu."

*

Punje zenyewe ni ndogo kuliko ulezi. Mgonjwa hulazwa, hutobolewa tundu dogo kwenye kinena, na mrija mwembamba kama tambi huingizwa katika mshipa wa paja, ukapanda, ukapinda, ukashuka mpaka kwenye mishipa miwili inayolisha kizazi. Hapo punje humwagwa, nazo hujishikiza kwenye kuta za mishipa na kungoja. Zikiamriwa FUNGA, huvimba zikaziba njia, na uvimbe ulioota kizazini hukosa damu ukanyauka. Zikiamriwa FUNGUA, husinyaa, damu ikarudi, na mwanamke akabaki na kizazi chake bila kuonja kisu. Baada ya hapo hulala humo maisha yake yote. Siku akijifungua na damu ikakataa kukatika, daktari huziamsha.

Waliozitengeneza walimfikiria mama anayejifungulia shambani, au nyuma ya pikipiki, mbali na kitanda chochote. Kwa hiyo amri haikupelekwa kitandani. Ilirushwa kutoka kila mnara wa nchi nzima, ikarudiwa kila baada ya sekunde ishirini, mpaka punje zote mia nne zijibu kwamba zimetii, au saa sita zipite. Punje hazimjui mtu. Zinakijua kichupa.

Tumpe alilijua hilo miaka mitatu nyuma, kama mtu anavyojua kwamba moto unaunguza kabla hajaungua. Siku ile Subilaga alikuwa na uvimbe mmoja, wa ukubwa wa parachichi, na nusu ya kichupa ilimtosha. Iliyobaki ilitakiwa ichomwe, ndivyo kanuni ilivyosema. Lakini Tumpe alianza maisha kama muuguzi wa zahanati, na zahanati ina kanuni zake, za zamani kuliko mtambo wowote: kichupa kikishafunguliwa hakitupwi wakati kuna mgonjwa barazani. Chanjo ziligawanywa hivyo, ganzi iligawanywa hivyo, na waliogawa waliitwa watu wenye huruma.

Barazani alikuwepo Sekela Mwambene, aliyekuwa akitoka damu siku kumi na mbili kila mwezi, midomo imepauka, na kibali chake cha kupewa kichupa kimekwama mwaka wa pili. Kutoa ni moyo, walisema wahenga, usambe ni utajiri. Hawakusema lolote juu ya kutoa cha mtu bila kumwambia mwenyewe.

Tumpe aligawa kwa macho, nusu kwa nusu, Ambakisye akimshikia bakuli. Kwenye faili akaandika punje mia nne, zote za Subilaga. Wanawake wale wawili wakafungwa kwa amri moja, wakafunguliwa kwa amri moja, wakapona wote wawili, kila mmoja nyumbani kwake, bila kujuana.

Na wiki tatu zilizopita Sekela alikuja kituoni amejifunga khanga mpya, ana mimba ya miezi minne baada ya miaka kumi na moja ya kuitwa majina na mawifi. Alimkumbatia Tumpe mbele ya watu. Tumpe alicheka naye, akampapasa tumbo, akajiambia kwamba atamwambia akija tena.

*

Daktari Lwitiko, mpasuaji, aliingia akiwa na glavu mkononi. Walimweleza kwa sentensi tatu. Hakuwalaumu, maana hakuwa na muda huo.

"Nikimpasua kuking'oa kizazi, atafia mikononi mwangu," alisema. "Damu yake imeacha kuganda. Chupa za damu zimebaki mbili."

"Nikiingia kwa mkono?" Tumpe aliuliza. "Kwa mrija wa zamani na sifongo za kuziba mishipa, kama tulivyofundishwa?"

"Itakuchukua muda gani?"

"Nusu saa."

"Yeye ana dakika kumi." Lwitiko alishusha sauti. "Sikia, Tumpe. Huyu ana pumzi, ana jina, ana mtoto anayelia chumba cha pili. Yule mwingine ni mimba ya miezi mitano. Bonyeza, halafu twende tukampe pole."

Tumpe alijua kwamba hesabu ya Lwitiko haikuwa mbaya. Mbaya ilikuwa ile pole. Akibonyeza, Sekela angeumwa tumbo jioni, mtoto angetoka amenyamaza, na hakuna mtu duniani ambaye angejua kwa nini. Angesema ni mapenzi ya Mungu. Kisha angekuja hapahapa, akae kwenye kiti kilekile, alie begani kwa Tumpe, na Tumpe angempa kitambaa cha kufutia machozi. Yote hayo yaliwezekana kwa urahisi, na urahisi huo ndio uliomtisha kuliko damu.

"Kwa hiyo tunyamaze," alisema.

"Nimesema ubonyeze. Kunyamaza ni juu yako."

Kitandani, Subilaga alifungua macho. "Nasikia baridi," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa usumbufu.

Ambakisye alimfunika blanketi la pili. Bila kumtazama Tumpe akasema, "Mficha uchi hazai, daktari. Mpigie."

*

"Daktari wangu! Ugonile!"

Nyuma ya sauti ya Sekela kulikuwa na maji yanayobubujika na redio inayosoma matangazo ya vifo.

"Ndaga, Sekela. Uko wapi?"

"Niko kwenye kituo cha maziwa. Gari la kiwanda limeondoka sasa hivi, naanza kuosha tanki. Mbona unahema?"

Tumpe alikuwa ameandaa maneno ya kulainisha. Yakamkimbia yote, na labda ilikuwa heri.

"Nina mzazi hapa, anatoka damu, anakufa. Punje zilizomo tumboni mwake na zilizomo tumboni mwako zilitoka kichupa kimoja. Niligawa mimi, na sikukwambia. Nikiziamuru zake zifunge, zako pia zitafunga, na mtoto wako atakosa damu."

Maji yaliendelea kububujika. Kisha yakafungwa.

"Rudia."

Alirudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa sasa alijisikia.

"Umenipigia kuniomba ruhusa," Sekela aliuliza, "au kuniaga?"

"Sijui, Sekela. Kwa kweli sijui."

"Ameshazaa?"

"Ameshazaa. Mtoto wa kike, mzima."

Sekela alivuta pumzi mpaka simu ikakoroma. "Basi usiniombe. Nikisema ndiyo, nimemtoa wangu kwa mdomo wangu. Nikisema hapana, nimemnyima mtoto wa watu mama yake. Hilo umelipika wewe, mimi usinilishe. Niambie kitu kimoja tu. Hiyo amri inakuja vipi? Kama simu?"

"Kama simu. Kutoka kwenye minara."

"Mimi kila siku nikiingia kwenye tanki kusugua, redio yangu inakufa. Simu nayo haishiki. Ni chuma ndani, chuma nje, na mfuniko mzito."

Tumpe alishika ukingo wa meza. Daktari mzima, mwenye vyeti ukutani, alikuwa hajawaza jambo ambalo muosha tanki alilijua kwa sababu ya kukosa taarabu za saa tano.

"Mfuniko una mpira pembeni," Sekela aliendelea. "Pale kwenye mpira sijui kama hapapenyi kitu."

"Hata mimi sijui. Siwezi kukuahidi."

"Sijakuomba ahadi. Nikae muda gani?"

"Nusu saa. Amri itaizuia damu yake, nami nitaziba kwa mkono, kisha nitaiondoa. Asikufungulie mtu mpaka nipige simu."

"Yupo Kaka Anyosisye anayepima maziwa, huyu hapa, anashangaa. Namwachia simu yangu. Nipe dakika mbili, mlango wa tanki ni mdogo na mimi siku hizi ni mpana." Kisha akaita, "Tumpe."

Hakuwahi kumwita bila udaktari.

"Nakusikia."

"Usikosee tena."

*

Dakika mbili ni ndefu ukizitazama. Presha ya Subilaga ilishuka hadi sitini, ikashuka hadi hamsini na mbili. Lwitiko alizunguka kitanda mara tatu. Simu ya Tumpe ilitoa mlio mmoja: ujumbe wa Anyosisye, neno moja lenye herufi kubwa zote, NIMEFUNGA.

Akabonyeza.

Kioo kilianza kuhesabu punje zilizotii. Sitini na moja. Mia na arobaini. Mia mbili na tatu. Mia mbili kumi na tisa. Hapo kikasimama.

Chini ya shuka, damu ilipungua, ikawa tone, ikakatika. Ambakisye alisema "Asante Mungu," lakini alisema huku akitazama kioo.

"Mia mbili kumi na tisa," alisoma. "Mia moja themanini na moja hazijajibu."

"Uligawa nusu kwa nusu," Lwitiko alisema.

"Niligawa kwa macho."

Nusu ni mia mbili. Zile kumi na tisa za ziada huenda zilikuwa za Subilaga, mkono wa Tumpe ulipotetereka kidogo siku ile juu ya bakuli. Au amri ilikuwa imepenya kwenye mpira wa mfuniko, sekunde ishirini baada ya sekunde ishirini, ikimchuma mtoto wa Sekela punje moja moja. Mtambo haukujua tofauti. Tumpe alikuwa ameufundisha kutojua, kwa kalamu yake mwenyewe.

"Aproni," alisema. Wakamvisha ile nzito ya risasi inayokinga eksirei, akanawa, akachukua sindano.

Miaka minne alikuwa hajaongoza mrija kwa vidole vyake. Siku hizi mtambo uliuongoza, daktari akakaa pembeni kama abiria. Alipapasa kinena cha Subilaga akitafuta mpigo, na mpigo ulikuwa dhaifu kiasi kwamba alilazimika kufumba macho ili ausikie. Akachoma. Waya, kisha mrija juu ya waya. Akasukuma dawa ya rangi, na kwenye kioo cha eksirei mishipa ikajichora kama mizizi ya mgomba uliong'olewa.

Upande wa kushoto ulikubali. Aliuteremsha mrija hadi nyuma ya punje zilizovimba, akasukuma vipande vya sifongo kimoja kimoja, mpaka dawa ya rangi ikasimama isisogee. Dakika kumi na nne.

Upande wa kulia mshipa ulitoka kwa kona kali, na mrija ukateleza. Akajaribu tena, ukateleza. Akabadilisha waya. Kioo cha mtambo pembeni kiliendelea kuonyesha mia mbili kumi na tisa, na kila alipokitazama mkono ulimwia mzito, hata akamwomba Ambakisye akifunike kwa taulo. Dakika ishirini na saba. Alimwona Sekela kwenye giza, kwenye harufu ya sabuni na maziwa, asijue kama nje kunaendelea kitu au amesahauliwa. Alijilazimisha kutomwona. Dakika thelathini na tatu mrija ukaingia, na dakika ya thelathini na nane upande wa kulia ukaziba.

"Nitoe taulo?" Ambakisye aliuliza.

"Toa."

Bado ilikuwa mia mbili kumi na tisa. Tumpe alivua glavu, akagusa neno SITISHA. Mtambo ukamuuliza: PUNJE 181 HAZIJAJIBU. SABABU YA KUSITISHA? Bila sababu, amri ingeendelea mpaka zitimie saa zote sita. Kulikuwa na majibu matatu ya kuchagua. MGONJWA AMEFARIKI. PUNJE ZIMEHARIBIKA. PUNJE ZIMO KATIKA MWILI WA PILI.

Aliduwaa juu ya lile la tatu. Waliounda mtambo walikuwa wamelijua kosa lake kabla yeye hajalitenda. Maana yake ni kwamba huko na huko, katika vituo asivyovijua, wenye huruma wengine walikuwa wamegawa vichupa.

"Chagua zimeharibika," Lwitiko alisema taratibu, na alisema kwa wema. "Sifongo imeshaziba. Mama huyu amepona. Hakuna atakayeuliza."

"Na Sekela naye atazaa," Tumpe alijibu. "Damu ikimtoka, watafungua faili gani? Na huyu akirudi kubeba mimba, nani atakumbuka kumtafuta mwenzake?"

Akachagua la tatu, akaweka kidole gumba. Amri ya FUNGUA ikarushwa. Kioo kikaandika jina la Sekela Mwambene chini ya jina la Subilaga Kajange, kikaomba athibitishe, akathibitisha. Kisha kikaandika kwamba kibali cha kazi cha Daktari Mwasomola kimesimamishwa kuanzia dakika hiyo hadi baraza la madaktari litakapoamua vinginevyo. Namba zikashuka hadi sifuri.

*

Mrija ukishachomolewa, tundu la kinena halizibwi na mtambo wala bandeji. Linazibwa na mkono wa mtu, ukikandamiza mshipa wa paja robo saa bila kuachia. Tumpe alivaa glavu mpya, akachomoa, akakandamiza. Kwa hiyo ni Ambakisye aliyepiga simu, akamwekea sikioni.

Kwanza palisikika makomeo ya chuma, moja, mawili, manne. Anyosisye akisema, taratibu dada, nipe mkono. Kisha kikohozi kirefu.

"Yule mama," ilikuja sauti ya Sekela, imekauka. "Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Haya."

Tumpe alitaka kuuliza na hakuthubutu. Chini ya vidole vyake mshipa wa Subilaga ulikuwa umeanza kupiga kwa nguvu. Sekela alipumua, akapumua tena. Alikuwa hajamaliza kuipata hewa.

"Niliweka mkono tumboni tangu mwanzo," alisema. "Mwanzoni alikuwa anacheza. Halafu akanyamaza, akanyamaza muda mrefu. Nilishika nyundo niliyoingia nayo nigonge mfuniko, nifunguliwe, nimwone hata kwenye mwanga. Nikamkumbuka yule mtoto wa mwenzangu. Sikugonga."

"Sekela..."

"Niache nimalize. Sasa hivi nilipotoa kichwa nje, amenipiga teke. Moja, kisha jingine. Nakwambia ili mikono yako isitetemeke humo ulipo. Usidhani nimekusamehe."

"Sidhani."

"Ile siku ungeniambia kwamba ni nusu ya kichupa cha mtu, ningekataa, ningerudi nyumbani na damu yangu. Na leo nisingekuwa na tumbo hili. Kwa hiyo hata kukuchukia sijui nianzie wapi, na hilo nalo umeniletea wewe." Sauti ilikatika, ikarudi. "Nitazalia kwingine. Waandikie huko wajue nimebeba nini. Waandikie yote."

"Nimeshaandika."

Simu ikakatwa. Ambakisye aliiondoa sikioni, akaiweka mezani kwa uangalifu.

Machozi yalimshuka Tumpe yakaingia kwenye barakoa, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Lwitiko alisogea, akasema kwa upole kwamba kwa kanuni hakuruhusiwa tena kumgusa mgonjwa, na kwamba angeweza kumpokea. Tumpe alitikisa kichwa. Mshipa ukiachiwa katikati ya kubadilishana mikono humwaga damu upya, na Subilaga hakuwa na damu ya kumwaga.

"Zimebaki dakika ngapi?" aliuliza.

Ambakisye alitazama saa ya ukutani. "Tisa."

Akaendelea kukandamiza.